Chungu cha Mawe ya Gumegume

Fronika Ropp hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuipapasa bunduki yake kwanza. Kila nyumba ya bonde lile ilikuwa na bunduki, imelazwa juu ya vigingi viwili vya mbao, juu ya mlango, upande wa ndani. Fronika alivuka kizingiti, akaipa familia nzima mgongo, akanyanyua mkono wa kuume, akapenyeza kidole gumba kati ya zile taya mbili za chuma zinazoshika jiwe la gumegume. Akikuta patupu, aligeuka na kusema, "Amani iwe kwenu." Akikuta jiwe, hakusalimu. Alisimama pale pale mpaka mwenye nyumba ainuke mwenyewe, aje alitoe.

Aliendelea hivyo hata vita vilipokwisha, hata pasipokuwa na mtu tena aliyemtuma. Msibani alipapasa. Harusini alipapasa, huku mkono wa kushoto umebeba sinia la maandazi. Watoto waliozaliwa baada ya vita walimwigiza: mmoja anapanda kiti, anapapasa ufagio, wenzake wanaanguka kwa kicheko.

Anneli Egli aliishi naye chini ya paa moja miaka ishirini na sita, na kitendo kile alikiona mpaka macho yake yakaacha kukiona. Yeye alikuwa na jambo moja tu la kumwuliza Fronika. Alitaka kujua kwa nini jioni moja wakati wa vita hakumpa Benedikt, mume wa Anneli, jiwe lake.

Fronika alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na ulimi wake ulikuwa na upupu. Alikuwa amezika watoto watano. Wawili walitupwa baharini, wamefungwa kwenye shuka moja, wakati watu wa mkutano, yaani kanisa lao, walipovuka kutoka kingo za mto Rhine kuja Pennsylvania. Watatu walikufa hapa bondeni kwa ugonjwa wa koo, katika juma moja. Akabaki na Jost. Kisha mumewe Durs, aliyekuwa shemasi, akaangukiwa na mti aliokuwa akiukata mwenyewe, na wazee wakasema mjane aendelee na kazi za ushemasi zinazomfaa mwanamke: kuoka mkate wa meza ya Bwana, kuwapelekea wagonjwa supu, kujua nyumba ipi haina unga.

Watu wa mkutano ule hawakula kiapo, hawakwenda mahakamani, na hawakumwinulia mtu silaha, hata mwizi. Bunduki walikuwa nazo kwa ajili ya kulungu na mwewe, na nguruwe wa Desemba. Hakuna aliyeona ubaya wowote mpaka vita vya wafalme wa Uingereza na Ufaransa vilipofika mlimani. Walenape, wenyeji wa nchi ile, waliokuwa wakipita bondeni kila vuli na kula mikate jikoni mwa Anneli, ambao ardhi ile walinyang'anywa kwa karatasi wasiyoweza kuisoma, sasa walishuka na shoka. Ng'ambo ya kijito nyumba tatu zilichomwa. Vijana wa mkutano wakaanza kulala na bunduki zilizoshindiliwa baruti.

Mzee Ulrich, mhubiri, alisimama Jumapili moja akasema, "Bunduki ni jembe. Lakini jembe likilala kitandani na mtu, si jembe tena." Wazee wakakata shauri. Kila nyumba itoe jiwe la bunduki yake, na mawe yote yakae kwa Fronika. Anayekwenda kuwinda aje asubuhi, aseme mbele za Mungu anakwenda kuua mnyama gani, apewe jiwe, alirudishe kabla jua halijatua. Bunduki bila jiwe haina cheche, na bila cheche ni rungu tu.

Fronika aliyaweka kwenye chungu cha kabichi chachu, chini ya benchi ya jikoni kwake. Watu walimtania.

"Dada Fronika, mimi naenda kuua kulungu. Akinitokea dubu je, nimwambie asubiri nije kuomba ruhusa?"

"Mwambie aje mwenyewe. Huenda ana adabu kuliko wewe."

Kila jiwe lilivikwa kipande cha ngozi ili taya za chuma zilishike vizuri, na watu walitambua mawe yao kwa ngozi hizo. Ya Benedikt Egli ilishonwa na mkewe, Anneli, kutoka kiatu cha kwanza cha binti yao Lisbet, kwa uzi wa buluu. Kwenye pembe moja sindano ilivunjika, akarudia mshono mara mbili. Benedikt alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Bunduki yangu imevaa kiatu!" Na jiwe lenyewe lilikuwa zuri kuliko yote bondeni, la rangi ya asali. Lilitoa cheche hata siku ya ukungu.

Benedikt huyo hakujua kusema uongo. Si kwamba alijizuia. Hakuwa nao, kama wengine wasivyo na sauti ya kuimba. Siku moja alimwuzia Mwingereza ng'ombe kwa kumtajia maovu yote ya ng'ombe huyo, mmoja baada ya mwingine, hadi mnunuzi akamwonea huruma mnyama, akamchukua. Bonde zima lilikijua kisa hicho.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1757, siku ya Jumanne. Mchana ule mbwa wao hakurudi. Alasiri Benedikt akaenda kuchota maji, akarudi na ndoo tupu. Kwenye tope la chemchemi palikuwa na nyayo za watu wengi, za viatu laini visivyo na kisigino. Yeye na Anneli wakachukua watoto, wakaenda wote wanne kwa Fronika, jua likiwa limeshika ncha za miti. Anneli alisimama mlangoni, mwanawe Ueli wa miaka mitatu kiunoni, Lisbet akiwa ameshika sketi yake. Jost, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa karibu na moto akichonga mpini wa shoka. Fronika alikuwa ameketi juu ya benchi.

"Dada Fronika, naomba jiwe langu," alisema Benedikt.

"Jua linazama, Ndugu Benedikt. Unakwenda kuwinda popo?"

"Siwindi."

"Basi unataka la nini?"

"Nimeona nyayo za watu kwenye chemchemi. Simtaki mtu damu yake. Nataka kupiga hewani mara moja, wakija. Wakisikia nyumba ina mlio, watapita."

"Watapita waende kwa nani?"

Benedikt alivua kofia. Fronika akalainisha sauti, jambo ambalo Anneli hakuwahi kumsikia akilifanya.

"Sema mbwamwitu. Sema umemwona mbwamwitu kwenye zizi lako, nami nitafungua chungu sasa hivi. Neno moja tu, ndugu yangu."

Benedikt alitazama kofia yake mikononi. Aliizungusha, akaizungusha tena.

"Sijamwona mbwamwitu."

"Mimi nimemwona!" Anneli alipaza sauti. "Mama Fronika, mimi nimemwona, mkubwa, wa kijivu, leo asubuhi."

"Jiwe si lako, mwanangu. La mumeo. Aseme yeye."

"Anneli," Benedikt alisema polepole, "usijitie dhambini kwa ajili yangu."

"Basi nipe la mtu mwingine yeyote," Anneli alimwambia Fronika. "Lililovunjika hata."

Fronika hakuinuka juu ya benchi. Jost hakuinua macho. Vumbi la mbao lilimwangukia kwenye viatu, naye aliendelea kuchonga.

"Nendeni nyumbani," alisema Fronika. "Mwombeni Mungu. Giza linaingia na mna watoto."

Alfajiri Anneli alitoka kwenda kwenye tanuri la mkate lililokuwa nyuma ya nyumba, kuondoa majivu. Alisikia mlio mmoja wa bunduki kutoka upande wa akina Ropp. Kisha, baada ya muda wa kukanda donge moja, alisikia miguu ikija. Benedikt alimpigia kelele, "Ingia humo!" naye akaingia, kichwa mbele, ndani ya tanuri lililokuwa bado na joto la jana. Mtu mzima haenei mle. Alienea.

Aliyasikia yote. Lisbet alimwita kwa jina ambalo watoto humwitia mama yao, akaita tena, akaita mara ya tatu kwa sauti ya kuuliza. Ueli hakuita. Baadaye ulikuja moshi.

Alipotoka, ngozi ya mikono yake ilibaki kwenye matofali. Benedikt alikuwa kwenye kizingiti, bunduki yake chini ya kifua. Alikuwa amewaelekezea bunduki isiyo na jiwe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujaribu kudanganya, akaifanya vibaya. Walenape wanaijua bunduki. Waliziona taya tupu.

Walizikwa watatu katika shimo moja. Mzee Ulrich alimshukuru Mungu kwa mikono safi ya Ndugu Benedikt, na kwa uthabiti wa Dada Fronika, ambaye hakutikisika. Wengine waliuliza habari za ule mlio wa kwanza. "Bunduki zao," alijibu Fronika. "Walipita kwangu wakapiga, wakaona hatutoki, wakaenda." Hakuna aliyeuliza zaidi, maana aliyesema ni mtu aliyeshika neno.

Nyumba ya Anneli ilikuwa majivu, na mjane hakai peke yake. Wazee wakaamua aishi kwa Fronika. Fronika alimpokea mlangoni.

"Kitanda ni kile. Unga uko pale. Usiunguze mkate."

Sasa, katika mkutano ule palikuwa na desturi moja. Kabla ya meza ya Bwana, masika na vuli, shemasi huuliza kila mtu mmoja mmoja mbele ya wote: una amani na Mungu, una amani na ndugu zako wote? Mmoja akisema hapana, meza haiandaliwi kwa yeyote, mpaka apatane. Vuli ile walipomfikia Anneli, mikono yake bado imefungwa vitambaa, alisema, "Sina amani na Dada Fronika."

Meza ikaahirishwa. Masika akasema hivyo hivyo. Vuli tena. Mwanzoni watu walimhurumia. Kisha wakachoka. Bibi kizee Magdalena alikufa bila mkate wa Bwana, na kabla ya kukata roho aliomba Anneli aambiwe hivyo. Wanawake wakaanza kuacha nafasi kwenye benchi pembeni yake, upana wa mtu mmoja, kisha wawili.

"Umepoteza watatu, dada," Mzee Ulrich alimwambia. "Lakini sisi tisini, kosa letu nini, hata utunyime?"

"Ajibu kwanza," alisema Anneli. Akamgeukia Fronika mbele ya mkutano mzima. "Kwa nini hukumpa?"

Fronika alisimama, mikono juu ya aproni. "Nilishika neno la mkutano. Nilimpa na mlango wa kutokea, zaidi ya nilivyoruhusiwa. Hakusema mbwamwitu."

Kwenye benchi za wanaume mtu mmoja aliguna, guno la kicheko lililomtoroka. Anneli hakugeuka kumtazama. Kitu fulani ndani yake kilikaa chini, kama mnyama aliyekimbizwa sana.

"Nina amani," alisema.

Jumapili iliyofuata wanawake waliketi wawili wawili, waoshane miguu kama ilivyo ada, kisha kila mmoja ambusu mwenzake. Wakampanga na Fronika. Anneli alipiga magoti, akaishika ile miguu mipana, akaimwagia maji.

"Ya baridi haya," Fronika alinong'ona. "Umeshindwa hata kuyapasha?"

Ndivyo walivyooshana miguu mara mbili kwa mwaka, miaka ishirini na zaidi.

Mtu anaweza kuishi na chuki kama anavyoishi na jino bovu: anajifunza kutafuna upande wa pili. Lakini katika nyumba yenye chumba kimoja cha moto, upande wa pili hauko mbali. Mkate ukiungua, Fronika alisema, "Ajabu. Mtu aliyelala tanurini angejua joto lake." Alisema hivyo bila hasira, akikwangua weusi kwa kisu. Na Anneli naye hakuwa malaika. Macho ya Fronika yalipoanza kuingia ukungu, Anneli alikuwa akikisogeza kigoda cha mwenzake upana wa kiganja kila siku, kisha akiketi kusuka na kusikiliza. Fronika akianguka, alimwinua kwa upole kabisa. "Pole, mama." Upole ule ndio uliokuwa mtamu.

Walikuwepo wanaume waliomposa Anneli. Seremala mmoja mjane alikuja mara tatu. Mara ya tatu Fronika alimkuta uani akasema kwa sauti ya kusikika, "Angalia mikono yake kwanza, bwana. Makovu yale hayakandi unga vizuri." Lakini si hilo lililomzuia. Anneli hakuweza kulala karibu na mtu anayepumua. Hakuzaa tena.

Jost alioa, akajenga ng'ambo ya kijito, akahamia huko na bunduki yake. Alikuwa mtu mkimya, mwenye watoto wanane na kicheko kifupi. Alipokutana na Anneli njiani alivua kofia haraka na kuangalia kwingine. Anneli alidhani ni haya ya mtu aliyekaa akichonga mpini.

Vita vilipokwisha na mawe kurudishwa, kila mtu alipata lake. Anneli aliomba la Benedikt, si kwa bunduki, bali kwa ajili ya kile kiatu. "Limepotea," alisema Fronika. "Chungu kilipinduka siku ile ya fujo."

Mwaka 1783, mwanzoni mwa Novemba, Fronika alianguka bila kusogezewa kigoda. Upande wote wa kuume ukafa, mdomo ukaenda pembeni. Juma lile lile Jost alikuwa anahamia Virginia na familia yake, magari yamekwisha kupakiwa. Alikuja kumuaga mama yake, akalia kidogo, akaiacha bunduki yake ya zamani, kwa kuwa alikuwa amenunua mpya. Aliilaza juu ya vigingi juu ya mlango, vilivyokaa vitupu tangu alipohama. Akaenda.

"Ameweka kitu pale?" aliuliza Fronika kitandani. Hakuona ila mwanga na giza.

"Bunduki."

"Ipapase."

"Haina jiwe, mama. Tangu lini bunduki ya zamani..."

"Ipapase. Mimi siwezi. Fanya kwa ajili yangu."

Anneli alikuwa hajapata kufanya kitendo kile hata siku moja. Alikwenda mlangoni, akanyanyua mkono wa kuume, akapenyeza kidole gumba. Jiwe halikuwemo. Ilikuwamo ngozi peke yake, ngumu kama ukucha, imebanwa bado na taya. Makovu ya kidole chake hayakuhisi vitu vingi, lakini mshono yaliuhisi. Aliufuata mpaka kwenye pembe, na pale kwenye pembe uzi ulikuwa umerudiwa mara mbili.

Alisimama na mkono juu kwa muda mrefu.

"Vipi?" aliuliza Fronika.

"Patupu."

Siku tatu zikapita. Alimgeuza mgonjwa, akambadilisha shuka, akamlisha uji wa maziwa. Alikuwa akihesabu, si siku, bali hatua: kutoka kwa akina Ropp mpaka nyumbani kwake, muda wa kukanda donge moja la mkate. Aliiona tena ile benchi, na yule mwanamke ambaye hakuinuka juu yake hata aliposihiwa atoe jiwe lililovunjika. Chungu kingefunguliwa, Benedikt angetazama ndani.

Siku ya nne alikuja Shemasi Melchior, mkate wa Bwana umefungwa kwenye kitambaa cheupe, maana ilionekana wazi Fronika haivuki wiki. Alimwuliza Fronika kama ana amani na wote. Fronika akatikisa kichwa kukubali.

"Nawe, Dada Anneli? Una amani naye?"

"Naomba utoke kidogo nje, ndugu," alisema Anneli. "Nitakuita."

Watu bondeni bado wanabishana kwa nini Melchior alirudi nyumbani jioni ile na mkate mzima ndani ya kitambaa, na kwa nini Dada Fronika, aliyeuoka mkate huo kwa wengine miaka thelathini, alikufa Alhamisi bila kuuonja. Wengine wanasema alikuwa ameshindwa kumeza.

Anneli alivuta kigoda, akaketi karibu na kichwa chake.

"Jiwe la Benedikt halikuwamo chunguni jioni ile."

Fronika hakuuliza jioni ipi.

"La Jost lilikuwa limevunjika," alisema. Maneno yalitoka kwa nusu ya mdomo, lakini yalieleweka. "Jumapili iliyotangulia nilimpa zuri kuliko yote."

"Na mlio ule ulikuwa wake."

"Alipiga mara moja. Hewani tu."

"Wakageukia kwetu."

"Wakageukia kwenu."

"Ulimwambia aseme mbwamwitu. Ulijua hatasema."

"Nani hakujua?"

Nje, Melchior alikohoa na kupiga viatu vyake chini kwa baridi. Anneli aliuona mkono wa kushoto wa Fronika ukitambaa juu ya blanketi, ukimtafuta. Ulimpata kwenye kiwiko cha mkono, ukashika. Akangoja. Baada ya miaka ishirini na sita alikuwa bado anangoja, na alitambua kwa aibu kwamba neno moja dogo lingemtosha, hata likisemwa kwa uongo.

"Anasubiri," alisema. "Nimwambie nini?"

"Mimi nilikuwa na Jost peke yake," alisema Fronika. "Wewe ulikuwa bado unazaa."